Mtambo wa Nyuklia Uliozimwa Kupisha Ng'ombe

Nyinyi vijana wa Garsen mnaosomea kompyuta mmeniletea ujumbe, eti mama mstaafu awape siri ya mafanikio. Siri sina. Nina magoti mabovu, nina miwani mbili ambazo hupotea kwa zamu, na nina kazi niliyoifanya miaka mingi ambayo ndugu zangu wa Ngao hawajaielewa mpaka leo. Marehemu mama yangu alipoulizwa na majirani, "Huyu Hawayu wako anafanya nini huko Nairobi?" alikuwa akijibu, "Anagombana na kompyuta." Na hakukosea hata kidogo.

Ilikuwa hivi. Kuna mitambo ya nyuklia, ile inayochemsha maji ili kutoa umeme. Katikati ya mtambo pana kiini, na hapo ndipo moto wenyewe ulipo, ingawa si moto wa kuni wala hauna ndimi. Ndani ya kiini mna fito za mafuta, na katikati ya hizo huingizwa fito nyingine za breki. Ukizisukuma ndani, mtambo unapoa. Ukizivuta nje, unachangamka. Sasa mwenye mtambo hawezi kuuchezea ovyo aone utafanya nini, maana akikosea atauona yeye na kijiji chote. Basi wataalamu huandika programu ya kompyuta inayoiga kiini. Unaiuliza: nikivuta fito hii, joto litafika wapi? Inakujibu kwa namba.

Kazi yangu haikuwa kujenga mtambo wala kuandika programu. Kazi yangu ilikuwa kutoiamini. Nililipwa mshahara, na marupurupu, kwa kutoamini. Nani kati yenu ana kazi tamu namna hiyo?

Aliyenifundisha ni Dakta Ndambuki, mtu mfupi, mkali, mwenye kupenda chai ya tangawizi kuliko watu. Wiki yangu ya kwanza kazini nilikosea kuandika joto la maji yanayoingia kwenye kiini. Badala ya maji ya moto nikaipa programu maji yaliyoganda, barafu tupu. Ikafanya hesabu yake kwa utulivu kabisa, ikanipa majibu yamepangwa safu kwa safu, yanapendeza. Nikampelekea Dakta nikiwa nimevimba kichwa. Akasoma mstari wa kwanza, akaniuliza, "Hawayu, hii barafu imepitaje kwenye bomba? Imepiga hodi?"

Kisha akaniambia neno ambalo ningependa mlibandike ukutani. "Programu ni mgeni mwenye adabu. Ukimpikia mawe, atakula, na atakwambia asante mama, nimeshiba." Ndiyo maana unaanza kwa kuiuliza unachokijua, kabla ya kuiuliza usichokijua. Kizungushe kiini robo duara, uone kama majibu nayo yatazunguka robo duara. Ipe mtambo usio na mafuta, uone kama itakuwa na haya ya kukwambia hauwaki. Nimewahi kupima programu iliyowasha mtambo usio na mafuta, na ikawasha vizuri sana.

Haya, sasa Garsen.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ukaja ule ukame mlioambiwa na wazazi wenu. Mabwawa ya umeme kule juu ya Tana yakakauka, na Nairobi wakaanza mgao wa umeme: leo mnapata, kesho mnakaa gizani. Na sisi tulikuwa na programu moja mkononi ya kupimwa, imeandikwa kwa sehemu na Dakta mwenyewe, na wenye mtambo wa ng'ambo walikuwa wanaisubiri wafundishie watu wao wa zamu. Ilikuwa imefaulu kila jaribio. Limebaki moja refu, la kuuendesha mtambo mfululizo kwa siku nyingi, halafu mimi nitie sahihi, basi.

Tatizo, kompyuta za siku hizo, jamani! Siku moja ya mtambo ilikula karibu siku nzima ya saa za kawaida. Na umeme ukikatika unaanza upya. Jenereta la ofisi lilikuwa limeazimwa na mkubwa mmoja kwa harusi ya binti yake, na harusi za wakubwa mnajua haziishi.

Mimi nikafungua mdomo wangu. Nikasema, "Shemeji yangu Habwoya ana ukumbi wa video Garsen. Jenereta lake halizimwi, kwa sababu ya friji la soda na la dawa za mifugo."

Dakta akanitazama. Akanywa chai. Akasema, "Funga kompyuta."

Hivyo ndivyo nilivyopanda basi na kiini cha mtambo wa nyuklia ndani ya kompyuta, kwenye sanduku lililotandikwa godoro, nikateremka Garsen nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Habwoya alinipa meza kwenye kona ya ukumbi, mbele ya mabenchi, maana waya haukufika mbali. Nikawasha. Kioo kikaonyesha kiini chote kwa vijumba vidogo vya rangi, vyekundu penye joto, vya buluu penye ubaridi, na chini yake mstari mmoja wa nguvu ya mtambo, unatembea polepole kuelekea kulia.

Watu walikuja kutazama sinema ya ngumi. Wakakuta vijumba. Wakakaa!

Sijawahi kuelewa. Mchana kutwa vijana wameketi kwenye mabenchi na miraa shavuni, wanatazama joto la maji. Wakajigawa makundi. Wengine wakashabikia vyekundu, wengine buluu. Kijumba cha pembeni kikigeuka rangi, ukumbi mzima unasimama. "Weee! Umeona hiyo? Buluu wamerudisha!" Habwoya akaacha kabisa kuweka kanda za ngumi, na mimi nikawa natangaza mpira wa nyuklia bila kuajiriwa.

Siku moja kijana akaniuliza, "Auntie, sasa hii kitu inapozwa na nini?"

Nikamjibu, "Maji. Inataka maji mengi sana."

"Maji ya wapi?"

Na mimi, kwa ule ujinga wa mtu aliyefurahia kusikilizwa, nikacheka nikasema, "Ya mto huu hapa. Kwani kuna mwingine?"

Wanangu, tanieni na simba mkitaka. Msitanie na watu wenye mifugo katikati ya kiangazi.

Kesho yake asubuhi wazee wawili wa Kiorma, wafugaji, waliingia ukumbini, wakanisalimu vizuri, wakaulizia na afya ya watu wa Ngao mmoja mmoja. Kisha wakapiga magoti wakaanza kuchungulia chini ya meza yangu. Wanatafuta bomba. Hawakuliona. Mmoja akamwambia mwenziwe, "Wamelifukia." Na wiki hiyo, kwa balaa langu, mto Tana ukashuka zaidi. Kule juu walikuwa wanajaza mabwawa, lakini nani atamlaumu mtu wa mabwawa asiyemwona, na mimi nipo hapo kwenye kona ninakunywa soda baridi?

Nikaitwa barazani kwa chifu.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya chakula cha msaada. Upande mmoja wafugaji, na msemaji wao Mzee Barisa, mrefu, mkavu, fimbo mabegani. Upande wa pili wakulima, watu wetu Wapokomo, na Mama Hadhara mbele, ambaye shamba lake la mpunga na ndizi lilifika ukingoni mwa mto na mdomo wake ulifika mbali zaidi. Hawa watu wawili walikuwa hawajawahi kukubaliana neno tangu nizaliwe. Siku hiyo walikubaliana juu yangu.

Nikasimama nikaeleza. Nikasema mtambo huu haupo. Ni hesabu tu. Hauna bomba, hauna tone la maji, hautoki kwenye kioo. Nilieleza vizuri, nikajipongeza moyoni.

Mzee Barisa akatikisa kichwa taratibu. "Hesabu," akasema. "Sawa. Mimi nauliza. Ule mradi wa kunyunyizia mashamba, ulianza na nini?"

Baraza likajibu, "Hesabu!"

"Ile mabwawa ya juu, ilianza na nini?"

"Hesabu!"

"Kila kitu iliyochukua maji yetu ilikuja kwanza kama karatasi, na mtu mwenye miwani akasema, hii haipo, ni hesabu tu." Akanigeukia, tena kwa upole. "Binti, wewe una miwani."

Nikakaa chini. Miwani nikaivua.

Chifu alikuwa mtu wa amani, alitaka watu waende nyumbani kabla jua halijawa kali. Akauliza sheria ya hapa inasemaje mtu akiweka kitu ukingoni mwa mto. Hapo wote walijua, hata watoto. Mkulima analima ukingoni, sawa, lakini lazima aache malka, ile njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa. Malka ikizibwa ndipo watu wanapoumizana. Kwa hiyo, likaamua baraza, mtambo wa dada Hawayu uhesabiwe shamba, na uache malka. Ng'ombe hushuka saa sita na kupanda saa tisa. Katikati ya saa hizo mtambo usinywe. Mama Hadhara akaongeza kwamba na maji ya moto yasimwagwe kwenye mpunga wake. Likaandikwa na hilo. Chifu akapiga muhuri. Wasimamizi wakateuliwa wawili, Mzee Barisa na Mama Hadhara, wawe wanaketi ukumbini kila mchana kuhakikisha.

Nikauliza, "Na nikikataa?"

Chifu akasema kwa huruma, "Basi jenereta la Habwoya litafungwa, dada yangu. Sina la kufanya."

Kufungwa jenereta maana yake ni kupoteza jaribio, na Dakta alikuwa ameniambia wakati wa kuagana, mbele ya watu, "Hawayu, kila mwaka wewe ndiye unayekawiza. Safari hii ukirudi bila sahihi, usirudi." Nilikuwa nalipia karo ya wadogo zangu. Nikasema ndiyo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Basi saa sita ilipofika nikaketi mbele ya kompyuta, msimamizi huku, msimamizi kule, ukumbi umejaa. Nilikuwa nimepanga kuwachezea. Kuzima mtambo na kuuwasha kungenivurugia jaribio, kwa hiyo nikasukuma fito za breki kidogo tu, mstari ukashuka mpaka karibu na chini kabisa, ukabakia hapo unatambaa. Nikageuka nikatabasamu. "Haya, malka iko wazi."

Mama Hadhara akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Na hicho kiduchi kilichobaki ni nini?"

"Ni kidogo tu, mama. Hakinywi kitu."

"Mwanangu, mimi ni mkulima. Kidogo tu ndivyo tunavyosemaga tukiiba malka."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Mzee Barisa akacheka kuliko wote, nadhani miaka yote alikuwa akingojea kulisikia hilo. Kisha akasema, "Ng'ombe yangu haiwezi kunywa kwa nusu malka. Malka imefungwa ama imefunguliwa."

Nikasukuma fito zote. Mstari ukaanguka mpaka sifuri, sifuri kamili. Wazee wakapeana mikono. Tukakaa kama watu waliozima redio kwa msiba, mpaka filimbi za wachungaji zikasikika ng'ombe wakipanda.

"Washa," akasema Mzee Barisa.

Nikavuta fito. Mstari ukapanda mpaka pale pale ulipokuwa asubuhi, bila hata kukohoa. Vijana wakapiga makofi. Nikaenda zangu kula wali na samaki, nimekasirika kwa sababu ya jaribio langu lililovurugwa, na sikuona kitu. Mimi, niliyelipwa kuona!

Kesho yake vilevile. Saa sita nikauzima, saa tisa nikauwasha, ukawaka. Mama Hadhara akasema kwa kunisifu, "Mtambo wako una adabu. Ukiambiwa lala unalala, ukiambiwa amka unaamka."

Nikaweka kikombe cha chai chini, nikautazama upya ule mstari.

Sikilizeni, nitawaeleza kwa ufupi. Mtambo ukiwaka unaacha takataka, kama vile jiko linavyoacha jivu. Moja ya takataka hizo ni gesi inaitwa zenoni, na hiyo ni sumu ya mtambo wenyewe: inameza zile chembe zinazouwasha. Mtambo ukiwa unawaka, sumu huungua kadiri inavyozaliwa. Ukiuzima, haiungui tena, lakini inaendelea kuzaliwa, saa baada ya saa. Kwa hiyo mtambo mkubwa wa aina ile ukiuzima saa sita, saa tisa hauwaki hata umlete nabii. Unagoma. Unausubiri, pengine siku nzima na zaidi, mpaka sumu ipungue yenyewe.

Mtambo wangu ulikuwa unaamka kama mtoto wa shule siku ya sikukuu.

Nikaingia ndani ya hesabu nikaanza kupekua, na jambo lenyewe likawa hili: tulipoipima programu ikiwa na nguvu nusu, sumu ilihesabiwa sawasawa. Robo, sawasawa. Hata kile kiduchi cha Mama Hadhara, sawasawa. Lakini nguvu ikifika sifuri kamili, programu ilikuwa inaruka hesabu ya sumu yote. Na majaribio yetu yote, yale ya kutoka ng'ambo na ya kwetu, yaliwasha mtambo, yakauendesha, yakauzima, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyewahi kuuzima kabisa katikati ya mchana na kuuwasha tena kabla ya chai. Nani mwenye akili zake angefanya hivyo? Kwa sababu gani?

Msidhani ni jambo dogo. Mtu wa zamu aliyefundishwa na programu hii angejaribu kuwasha mtambo uliogoma. Programu ilimwambia utawaka. Atavuta fito za breki, hauwaki. Atavuta tena. Atavuta zote. Halafu sumu ianze kuungua, moto uruke ghafla, na breki zote ziko nje. Nilipofikiria hapo nilisikia baridi, Garsen, mwezi wa pili.

Simu ilikuwa posta. Kibanda cha simu kilikuwa hakina mlango, kwa hiyo nilizungumza na Dakta Ndambuki mbele ya foleni nzima.

"Sitatia sahihi," nikamwambia. "Mtambo unawaka tena baada ya kuzimwa."

"Nani amekwambia uuzime?"

"Wafugaji."

"Hawayu, umelala vizuri?"

"Ni saa za ng'ombe kunywa, Dakta. Kuna muhuri wa chifu."

Sitawaandikia aliyosema hapo, mna wazazi. Mwisho wake alisema, "Programu imefaulu. Watu wa ng'ambo wananipigia simu kila asubuhi. Wewe tia sahihi, urudi."

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenifundisha kutoiamini."

"Nilikufundisha usiiamini programu. Sikukufundisha usiniamini mimi! Sehemu hiyo nimeiandika kwa mkono wangu."

Nilimpenda mzee yule, wanangu. Alinichukua nikiwa msichana wa Ngao asiyejua hata kompyuta inafunguliwa upande gani, akanifanya mtu. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikasema, "Basi umekosea, Dakta. Sitii." Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Usikubali dada, wanaume ndivyo walivyo." Sijui alidhani tunazungumza nini.

"Nakuja mwenyewe," akasema Dakta. "Nakuja na barua yako ya kuachishwa kazi."

Akaja. Basi liliingia na askari wake wa kulisindikiza kwa ajili ya majambazi wa njiani, na Dakta akateremka mweupe kwa vumbi kutoka nywele mpaka viatu, barua mfukoni. Hakunisalimu. Akaingia ukumbini, akasimama ghafla. Vijana kwenye mabenchi. Mzee Barisa na fimbo yake. Mama Hadhara anapepeta mchele kwenye ungo, jicho moja kwenye mstari. Na juu ya meza, karatasi yenye muhuri wa chifu ikiamuru mtambo wa nyuklia upishe ng'ombe.

"Huyu ndiye mwenye mtambo?" akauliza Mzee Barisa.

"Ndiye," nikasema.

"Karibu, mzee. Kaa. Bado kidogo ng'ombe wapande."

Dakta hakuwa na la kufanya, akakaa. Saa tisa nikavuta fito, mstari ukapanda moja kwa moja. Nilikuwa namtazama usoni. Niliona kabisa pale alipoelewa, rangi ikamtoka chini ya vumbi. Akanisukuma kando, akafungua programu, akaipitia ukurasa baada ya ukurasa akisonya. Mwisho akapiga meza.

"Hapa! Mpumbavu gani ameandika hivi? Eti nguvu ikiwa sifuri, ruka hesabu ya sumu, usipoteze muda!"

Mimi nikatazama pembeni.

"Ala," akasema taratibu. "Ala, Ndambuki."

Akairekebisha hapo hapo. Lakini kurekebisha si kupona, hilo nalo mlishike. Ilibidi tuuendeshe mtambo upya, ule ule mwendo, mpaka mchana mwingine wa malka. Dakta alilala kwa Habwoya, akala samaki wetu, akaumwa na mbu wetu, hakulalamika. Barua bado ilikuwa mfukoni mwake. Na habari zikaenea mpaka kijiji cha Kau kwamba mwenye mtambo amekuja kuutengeneza, kwa hiyo siku ya siku hapakuwa na nafasi ya kutia mguu. Wengine walisimama dirishani.

Saa sita nikauzima, mpaka sifuri kamili. Dakta alikuwa anatafuna kucha. Kama saa tisa ungewaka tena, basi hatukuelewa chochote, na mimi kazi sina.

Filimbi zikalia. "Ng'ombe wamepanda," akasema Mzee Barisa. "Washa, binti."

Nikavuta fito. Mstari ukalala.

Nikavuta zaidi. Mstari ukalala. "Auntie, washa basi!" wakapiga kelele mashabiki wa vyekundu. Nikavuta fito zote za breki, mpaka ya mwisho, kitu ambacho kwenye mtambo wa kweli ningefungwa kwa kukifanya. Vijumba vyote vikabaki buluu, buluu tupu, ukingo hadi ukingo. Mtambo ukagoma kabisa.

Dakta Ndambuki akaruka juu ya benchi. "Umekataa!" akapiga yowe. "Umekataa kuwaka! Hawayu, umekataa!" Akashuka, akanikumbatia mbele ya watu wote, yeye ambaye kwa miaka yote hakuwahi kunipa hata mkono wa sikukuu. Akaichana barua. Mimi nikaanza kulia, nikalia kwelikweli, kwa furaha, kwa uchovu, kwa kumpata tena mzee wangu.

Tulipotulia tukaona wazee wote wamesimama.

Watu walikuwa wanatutazama kwa huruma kubwa. Mama Hadhara akaweka ungo chini, akajifunga leso yake vizuri, akawageukia vijana. "Nyamazeni nyie, hamwoni watu wamefiwa? Uchungu ukizidi mtu hucheka." Akaja akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Pole sana." Nyuma yake ikajipanga foleni. Kila mmoja alinipa mkono, kisha Dakta, kwa adabu yote ya msibani. Habwoya akafungua soda, akagawa bure. Mtu akaleta sukari. Vijana wa vyekundu walikuwa wameinamisha vichwa, na wale wa buluu, ambao kwa haki walikuwa wameshinda, hawakushangilia.

Nilitaka kueleza, nikashindwa. Ungeanzia wapi? Dakta akanisukumia karatasi ya ushahidi kwamba programu sasa inafaa, na kalamu.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Mzee Barisa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sisi tulitaka njia ya ng'ombe tu, binti yangu," akasema. "Hatukutaka mtambo wako ife." Akanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, akaufunga ndani. "Mungu atakupa mwingine."

"Amina," nikamwambia, na kwa mkono wa kulia nikatia sahihi.